Majani Yaliyotoka Kinama kwa Jina Langu

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, fupi, ya kulaza vumbi. Hapa Buyenzi watu walitoka kwenye magereji wakasimama barabarani kuitazama. Twalibu, mume wangu, alikuwa chini ya Toyota ya mtu. Akaniambia bila kutoa kichwa: "Mama Khadi, mvua yako hiyo imefika." Anaiita yangu kwa sababu tangu Machi sina neno jingine nyumbani. Mimi na Caritas wa ofisini tumeshinda mtaa wa Kinama na wanawake wa kule tukichimba mitaro na kupanda majani juu ya nyumba zao. Sasa tutajua kama tulifanya kazi au tulicheza na udongo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kinama asubuhi. Juu ya nyumba kuna korongo linaloleta maji kutoka milimani, na kila mwaka maji hayo huingia kwa watu. Zamani ungejengwa ukuta wa simenti. Lakini tangu nchi jirani zitufungie mipaka simenti imekuwa kama dawa, anayo mwenye mkono mrefu tu. Ndiyo maana idara yetu ilikubali tujaribu vetiveri, majani yenye mizizi mirefu: mistari mitatu kukata mteremko, na mtaro mpana nyuma ya kila mstari, ili maji yasimame hapo yanywewe na ardhi badala ya kukimbia.

Leo tumepima. Tunapigilia kipande cha pipa lisilo na kitako ndani ya udongo, tunamimina ndoo, tunangoja. Kwenye njia ya miguu maji yalikaa hapo hapo, tukapata muda wa kula ndizi na kusema habari za ofisini. Kati ya vetiveri yalizama kabla sijaiweka ndoo chini. Caritas alivua miwani akaifuta, kama afanyavyo akifurahi.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

Yeye ni mkuu wangu kazini, lakini ofisini hakuna asiyejua kwamba tuko kama watoto wa tumbo moja. Tulikaa dawati moja tangu lisee, shule ya sekondari. Mwaka wa tisini na tatu, watu walipokuwa wakiuana, yeye na mdogo wake Hugues walilala kwetu Buyenzi, nyumba hii hii, wiki nyingi, mama yangu akiwafungia mlango wasionekane, watu wakiuliza nani yuko ndani. Hugues alikuwa anabalehe; alimaliza wali wa nyumba nzima. Mpaka leo ananiita dada.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mukeke, samaki wetu wa ziwani, soko zima hakuna. Tumekula maharage.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua kubwa jana, nami leo nilikuwa naogopa kufika. Korongo lilikuwa limeleta mawe na mti mzima. Lakini mitaro ilikuwa imejaa maji matulivu, na chini yake nyumba zilikuwa kavu.

Mama Bella alikuwa mlangoni anafagia. Jina lake Scholastique. Ndiye aliyewatoa wanawake kuja kuchimba, akizunguka nyumba kwa nyumba. Yeye na mumewe Télesphore walirudi Kinama mwaka jana, baada ya kukaa muda mrefu kwa dada yake Ruziba, wakajenga tena kwa matofali mabichi pale pale ilipoungua nyumba yao ya kwanza. Télesphore ni fundi wa baiskeli. Mguu wake mmoja haukunjiki tangu walipokimbia, lakini alichimba mtaro amekaa chini, akijisogeza kwa makalio.

"Baba Bella, maji imeingia?" nikamuuliza.

"Apana. Nimeingoja usiku muzima na ndoo. Nimeona haya, kama mutu amealika wageni hawakukuja."

Scholastique alicheka mpaka akaegemea ufagio.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilichukua bulu, ile rangi ya kufulia nguo nyeupe, nikaikoroga katika ndoo, nikaimwaga mtaroni jana. Leo tumekata udongo kando, wima, kama mtu akatavyo mkate. Wanawake wote walikuja kutazama. Pasipo na mizizi rangi iliganda juu juu, unene wa kidole. Palipo na vetiveri imeshuka kupita urefu wa Scholastique, kwa michirizi myembamba, na kila mchirizi una mzizi katikati yake.

Niliwaeleza: mzizi ukipenya unaachia njia pembeni yake. Ukifa unaacha tundu, na maji hupita humo vilevile. Mizizi myembamba inaushika udongo usiende, ile mirefu inayashusha maji chini. Majani ya juu si kitu. Ng'ombe akiyala, hasara ndogo. Kazi yote iko tusipopaona.

"Kwa hiyo tusing'oe," akasema Scholastique.

"Ukate, ulishe mbuzi, uezekee. Lakini kung'oa apana. Ukiing'oa unafungua udongo kuliko ulivyokuwa mwanzo. Na mtaro utakuwa umekusanya maji yote mahali pamoja. Yatatoka pamoja."

Alirudia kwa Kirundi kwa wale wa nyuma, kwa sauti ya mtu anayefundisha sala.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Binti yetu Khadidja ana kikohozi.

Ijumaa, 28 Novemba

Caritas hakula leo. Hugues amemaliza lisee, na sasa vijana wote wanaomaliza lazima wapite jeshini kabla ya chuo. Wenzake wawili wamepelekwa vitani Cibitoke. Mmoja amerudishwa kwao ndani ya sanduku.

"Wazazi wamekufa, Adija. Sina mwingine," akaniambia. Tulikuwa kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo la ofisi, mvua inapiga bati.

Nilimwambia Mungu atamlinda. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Akatazama dirisha mpaka tukafika.

Jirani yake wa Mutanga Sud ni kanali anayejenga nyumba mlimani, nyuma yake ardhi inateleza. Caritas anasema huenda akamwomba neno kwa ajili ya Hugues. Nikasema amwombe, kuomba si dhambi.

Ijumaa, 12 Desemba

Redio zote zinasema mwaka huu mvua imekosa adabu. Kenya madaraja yameondoka. Askari wamepita Kinama wakakata majani yote marefu kando ya njia, ya kwetu pia, ili pasiwe na pa kujificha. Wanawake walikuwa wamekasirika. Niliwatuliza: wamekata tu, mizizi iko.

Scholastique alinivuta pembeni. Anataka kuwapeleka Télesphore na Bella Ruziba kwa dada yake mpaka Aprili.

"Mi naogopa hii mvua. Ile ya mwaka jana iliingia mpaka ku kitanda. Na huyu wangu hawezi kukimbia."

"Mama Bella, mwaka jana hapakuwa na kitu juu. Mwaka huu mumepanda. Umeona mwenyewe bulu imeshuka wapi."

"We unasema tukae?"

"Kaeni. Ikiwa kitu kinaharibika kule juu, nitakuwa wa kwanza kukuambia."

Akakubali kwa kichwa. Nimeandika maneno yangu kama nilivyoyasema.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani imeanza. Alfajiri tulikuwa tunamaliza daku, milio ya risasi ikaanza upande wa uwanja wa ndege, haikukoma mpaka jua limepanda. Twalibu alitulaza sakafuni. Khadidja aliuliza kama kulala chini kunavunja saumu.

Jumanne, 6 Januari

Njia ya kaskazini imefungwa. Barieri, kizuizi cha askari, haipitishi mtu asiye na karatasi ya jeshi. Caritas ameipata, kwa yule kanali. Mimi nimekataliwa. Amesema ataitazama mitaro kwa ajili yetu wawili.

Ijumaa, 9 Januari

Hugues amepangiwa ofisi, hapa hapa mjini, kupokea simu na kujaza karatasi. Caritas alilia akinieleza. Na mimi nililia. Nilimpelekea sambusa za futari, tukasimama mlangoni kwake tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

"Na Kinama?" nikamuuliza.

"Iko sawa."

"Mistari yote mitatu?"

"Adija, iko sawa. Majani imeanza kutoka tena."

Jumatatu, 12 Januari

Mvua siku nzima. Dada mmoja wa Kinama anayeuza mchicha sokoni kwetu, wakazi kama yeye askari huwaacha wapite kwa miguu mashambani, ameniletea swali la Scholastique: anauliza kama bado nasema wakae. Nilimwuliza Caritas tena. Akasema alipita jana, hakuna shida. Nikamrudishia yule dada jibu: waambie wakae.

Jumatano, 14 Januari

Mvua.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua. Ndani ya nyumba kila kitu kina harufu ya kitambaa kibichi.

Ijumaa, 16 Januari

Ilinyesha tangu swala ya Ijumaa mpaka alasiri, mvua ambayo huoni nyumba ya ng'ambo. Kabla ya futari muuza mchicha alikuja, miguu yake matope mpaka magotini. Hakukaa. Alisema maji yameshuka Kinama kwa mara moja, kama mtu aliyefungua mlango. Nyumba sita zimeanguka. Scholastique na Bella walikuwa sokoni. Télesphore alikuwa ndani anafunga mnyororo wa baiskeli ya mtu.

Nilimwuliza mara mbili kama ni Télesphore wa Scholastique. Mara ya pili alijifunika uso kwa kitenge.

Jumatatu, 19 Januari

Leo barieri imefunguliwa kwa ajili ya maziko. Twalibu alikuja nami. Hakutaka niende peke yangu, na sasa najua aliona mbali kuliko mimi.

Watu walikuwa wengi uani. Nilipoingia walinyamaza. Kila msiba una ukimya wake, lakini huu ulikuwa na macho. Scholastique alikuwa amekaa kwenye mkeka, Bella mapajani mwake. Niliinama kumpa mkono. Aliutazama mkono wangu, akamfunika Bella kichwa kwa kitenge.

Mzee mmoja aliyekuwa akichimba nasi akasema kwa utaratibu, kwa Kiswahili ili nisiseme sikuelewa: "Madamu, ulipeleka wapi ile majani?"

"Majani gani?"

"Ya kwetu. Kamioneti ya ofisi yenu ilikuja na askari. Walichimba mistari miwili ya juu, wakaipakia yote, na udongo wake. Tuliuliza. Yule mwenzako mwenye miwani akasema Adija ndiye amemutuma. Ati mutaleta mingine, ya nguvu zaidi."

Nilisema si mimi. Nilisema sikujua. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na nilisikia jinsi inavyosikika.

"Na juzi tena ukatuma neno tukae," akasema mwanamke mwingine.

Twalibu alinishika mkono tukapanda mpaka juu. Mistari miwili ilikuwa safu ya mashimo, kila moja mahali palipokuwa na shina la vetiveri, yamefuatana kama alama ya mshono uliofumuliwa. Maji yalikusanyika katika mitaro yetu kama tulivyoyafundisha. Ila chini hapakuwa na njia ya kushukia wala kitu cha kushika kingo. Yalijaza mashimo, yakauchana mstari wa kwanza, yakauangukia wa pili. Mstari wa tatu, ule mmoja waliouacha, umesimama mpaka sasa, lakini maji ya mitaro mitatu yaliuzunguka pembeni, na pembeni ndipo ilipo nyumba ya Télesphore. Ilipokuwa.

Kama tusingechimba kitu, maji yangeingia yametawanyika, ya magotini, kama kila mwaka. Angekaa juu ya kitanda akafanya mzaha.

Njiani kurudi Twalibu alinishika mkono mpaka tulipoingia Buyenzi. Kisha akasema: "Usiende kwa Caritas leo. Nenda kesho."

Jumanne, 20 Januari

Nilikwenda Mutanga Sud asubuhi. Sikuhitaji kuuliza vetiveri ilikwenda wapi. Nyuma ya nyumba ya kanali mteremko wote umepandwa, mistari iliyonyooka, majani yamekuwa manjano kwa sababu wameyakata mizizi ikawa mifupi ili yaenee kwenye gari. Nusu yake itakufa.

Caritas alifungua mlango mwenyewe. Hakujifanya kushangaa. Alinipa kiti, sikukaa.

"Aliomba nini, huyo kanali?"

"Hakuomba. Alisema simenti hakuna, na amesikia kuna majani yanashika milima. Akaniuliza Hugues ana miaka mingapi."

"Ukampa."

"Ishirini. Ana miaka ishirini, Adija. We ulimuona analala kwenu, unamujua."

"Namjua. Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo."

"Basi."

Alivua miwani, akaishika tu bila kuifuta. Nikamwambia ningekataa, lakini ningepata nafasi ya kutuma neno Kinama wahame. Siku tatu tu zingetosha. Hata siku moja. Yeye alinitazama usoni mara mbili akasema iko sawa, na mimi nikalichukua neno lake nikalituma mpaka nyumbani kwa Télesphore.

"Nilifikiri mustari mumoja utatosha," akasema. "Nilihesabu hivyo."

"Hukuhesabu. Mimi nilikuwa pembeni yako tunapima. Unajua kama ninavyojua."

Akaiweka miwani juu ya kiti nilichokikataa.

"Na jina langu?"

"Wangekataa," akasema taratibu. "Walikuwa wameanza kuzuia kamioneti. Wanawake walikaa mbele ya magurudumu. Askari wakaanza kukasirika, nikaogopa watapiga mutu. Nikasema jina lako, wakaondoka njiani."

Nilitoka. Nilipofika lango aliniita kwa jina alilokuwa akiniita mama yangu. Sikugeuka.

Alhamisi, 22 Januari

Mkutano ofisini. Mkurugenzi alisema jambo la Kinama limeonyesha kwamba mimea haiwezi kazi ya simenti, na mipaka ikifunguliwa tutarudi kwenye njia za watu wazima. Nikasimama nikasema mimea iling'olewa. Akauliza nani kaing'oa. Nikamtazama Caritas.

Caritas alisema: "Mizizi ilikuwa michanga. Tuliharakisha."

Mkurugenzi akashukuru, akapita kwenye jambo la petroli. Alijua. Meza nzima ilijua; kamioneti ya idara haitoki bila yeye.

Nimefanya kazi na mizizi ile tangu Machi. Nimeona ikishusha maji kupita urefu wa mtu. Na leo nimemsikia Caritas, aliyeyaona pamoja nami, akiisingizia.

Jumapili, 25 Januari

Ruziba. Scholastique yuko kwa dada yake, karibu na ziwa, wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga. Aliniruhusu kukaa. Nilimweleza yote: kanali, Hugues, Caritas, na neno nililotuma bila kuona kwa macho yangu. Sikumwomba kitu.

Aliendelea kugeuza ndagala kwa kiganja.

"Mi ndiye nilikaa mbele ya gari," akasema. "Walipotaja jina lako, nikasema ni uongo, Adija alitukataza kung'oa. Télesphore akaniita kutoka mulangoni. Akasema: mama Bella, toka, kama ni yule dada amesema, anajua sababu. Nikatoka."

Bella alikuja na beseni, akatutazama, akarudi majini.

"We hukumuua," akasema Scholastique. "Lakini mi nikikuona, naona ile siku. Usikuje tena mpaka nikuite."

Nilimwambia nimesikia.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Nimepika kwa sababu kuna watoto. Baada ya swala Hugues akaja, kama kila mwaka, safari hii na sare ya jeshi iliyopigwa pasi. Amenenepa kidogo. Alimbeba Khadidja begani, akamsalimia Twalibu, akakaa mahali pake pa siku zote karibu na jiko.

Nilifurahi kumwona mzima. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Moyo wangu ulifurahi kabla sijaweza kuuzuia, nikamchukia Caritas upya kwa kunitia furaha hiyo.

"Dada Adija, mbona huji kwetu? Caritas hasemi. Analia mu chumba, nikimuuliza anasema malaria."

Twalibu alinitazama akatikisa kichwa: hapana. Nikamwambia Hugues ale kwanza. Alikula. Kisha nikamweleza. Sikuongeza, sikupunguza.

Alikaa na sahani tupu mkononi. "Mimi nilimuomba anitafutie ofisi," akasema. "Sikujua kwa nini ilipatikana haraka." Kisha akauliza: "Huyo mutu aliitwa nani?"

"Télesphore."

"Alikuwa na watoto?"

"Mmoja. Bella."

Aliiweka sahani chini, akaniaga kwa mikono miwili, akaenda. Twalibu alisema: "Umemtwisha kijana mzigo wa dada yake." Nikasema alikuja kuuliza. Akasema: "Najua alikuja kuuliza."

Jumatatu, 9 Februari

Caritas aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akasimama mgongo wake umeuegemea.

Hugues amekwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema hataki kazi ya mezani. Amepelekwa Cibitoke jana, kwa lori.

"Nilikuibia majani," akasema. "Nilikuibia jina. Lakini sikukuibia mutu wa nyumba yako. We umenichukulia wangu."

"Aliniuliza."

"Ungemudanganya. Ungesema ni malaria. Kwa kupenda, mutu anadanganya."

"Ndivyo ulivyofanya wewe," nikasema.

Akafungua mlango, akatoka akauacha wazi. Nikainuka nikaufunga.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua. Redio imesema mapigano Cibitoke. Haisemi mahali.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Nimeomba kuhamishiwa bustani za miche. Wamekubali haraka.

Jumatano, 11 Machi

Caritas hakuja kazini. Twalibu anamtaja Hugues katika dua baada ya kila swala, kwa sauti, ili nisikie. Nami huitikia.

Alhamisi, 26 Machi

Nimepita Kinama kwa mara ya kwanza peke yangu. Watu wa nyumba zilizobaki wameanza kugawa mashina ya ule mstari wa tatu, wakayapanda juu bila mtu wa ofisi. Wameyapanda vizuri, karibu karibu. Nilisimama mbali. Yule mzee aliniona, akaendelea kuchimba. Baadaye, bila kunitazama, akauliza kama mashimo yajazwe udongo kwanza au la. Nikamjibu yajazwe, yashindiliwe kwa mguu, si sana. Akaitikia. Ndiyo maneno yote.

Jumapili, 5 Aprili

Scholastique hajaniita.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua ya jioni, pana na ya polepole, ile ya kumaliza msimu. Tulikuwa tumewasha taa. Hodi ikapigwa, nikafungua mimi.

Caritas alikuwa amesimama bila mwavuli. Amekonda. Tangu Februari hatujasemezana.

"Hugues amepiga simu," akasema. "Ametoka huko. Vidole viwili vya mukono wa kushoto hana, lakini anarudi. Wanamurudisha nyumbani."

"Alhamdulilahi," nikasema, na nilimaanisha.

Alikuwa analia, au ni mvua. Nyuma yangu chakula kilikuwa mezani, Khadidja anaimba. Caritas aliangalia ndani kupita bega langu, kule karibu na jiko, walikolala yeye na mdogo wake ule mwaka mama yangu alipowafungia mlango.

"Naweza kuingia?"

Nilimtazama muda wa kutosha ili aone kwamba nimefikiri.

"Apana, Caritas."

Akaitika kwa kichwa. Nikafunga mlango taratibu, nisiupige. Twalibu akauliza kutoka mezani ni nani. Nikamwambia ni mtu wa kazini.